Pale Palipoitwa Katikati

Gitting, Jumatano mchana

Sesilia mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Balangdalalu kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mapema. Atakupa kuku, utamkatalia, atalia, utamchukua. Baba yako yuko shambani anachimba viazi. Nyumba imebaki yangu peke yangu, na tangu ulipotoka sijatulia. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimefungua begi lako nikakunja upya gauni ambalo ulikuwa umeshalikunja vizuri, halafu nikaona aibu, nikalirudisha kama nilivyolikuta. Ukilikuta limejikunja vibaya, ni mimi.

Mambo ya kufunga mlango, ya kula kwa wakati na ya kwenda kanisani nimeshakuambia mpaka umeanza kuitikia "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Hayo siyaandiki. Naandika lile ambalo kila nikitaka kulisema, mdomo unatoa jingine. Jana jikoni nilianza. Nilisema, "Sesi, hiyo kazi yako…" Ukageuka ukaniangalia, nami nikamalizia, "…buti walizokupa zinakutosha?" Ukasema zinatosha. Nikarudi kwenye mboga.

Basi ni hiyo kazi. Siku ulipopokea ujumbe kwamba wapimaji wamekuchukua, na kwamba kituo chako ni kwenye barabara ya Arusha na Moshi, baba yako alipiga makofi. Mimi nilisema Mungu ni mwema, nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kulia kwa furaha. Nilikwenda kusimama nyuma ya zizi mpaka moyo utulie, na haukutulia.

Jioni ile tukimenya viazi ulinieleza kwa raha zote. "Mama, miji ile miwili inakuwa mmoja. Siku zijazo utatoka Arusha mpaka Moshi bila kujua umetoka wapi na umeingia wapi. Barabara inapanuliwa, na sisi ndio tunaotangulia. Tunapima, tunaweka alama, halafu kazi inaanza." Nikakuuliza, alama gani. Ukasema, "Ya X, mama. Si unazijua, zile nyekundu?"

Nazijua.

Unajua kwamba ulizaliwa huko. Unajua tulikuwa na nyumba huko na kwamba ilivunjwa. Tumekupa maneno machache kama hayo, na wewe hukuuliza zaidi, maana tulipoondoka ulikuwa hujaanza shule na unachokumbuka ni mbwa wa jirani. Nataka ujue yote kabla hujashika brashi.

Tulipofika, mimi na baba yako tulikuwa wapya kwenye ndoa. Kazi yake ya kumwagilia kwenye shamba la maua ilikuwa imekwisha, na kurudi huku Gitting mikono mitupu hakutaka. Akatafuta mahali ambapo gari likipata pancha hakuna fundi karibu. Alipapata katikati ya Arusha na Moshi, kwenye mahindi na alizeti, ambako mchana unasikia upepo na kengele za ng'ombe wa Wamaasai tu. Mahali penyewe hapakuwa na jina. Makonda walipaita Katikati. "Katikati yupo?" Ukijibu yupo, gari linasimama, unashuka, linaondoka, unabaki na vumbi lako.

Baba yako alisimamisha nguzo nne na bati, akawa anaziba pancha. Mimi nilipika makande na chapati kwa madereva. Jua likizama tuliona mwanga wa Arusha angani upande mmoja na mwanga wa Moshi upande mwingine, na sisi gizani. Baba yako alikuwa akisema, "Mke wangu, tunaishi kwenye pengo la meno." Na mtu akikuambia anakwenda mjini, ilibidi umuulize mji upi, maana wengine mji wao ulikuwa Arusha na wengine Moshi.

Mji haukuja kwa kishindo. Alianza mtu mmoja kufyatua matofali. Akaja mwingine akajenga nyumba ya kustaafia, akasema anataka utulivu. Ikaja pampu ya mafuta, likaja duka la vifaa, ikaja gesti yenye taa za rangi. Kila aliyekuja alisema amekuja kwa sababu pako mbali na mji, na kila aliyekuja aliusogeza mji karibu zaidi. Mahindi yakawa yanaanzia nyuma ya nyumba, halafu nyuma ya nyumba za nyuma. Ulikuwa hujaanza hata kutambaa wakati taa za pande zote mbili zilipoanza kutufuata barabarani, moja moja, kama watu wanaokaribiana kwa tahadhari.

Hata hivyo tulikuwa hatuna mwenyewe. Bomba la maji la upande wa Arusha liliishia kabla ya kutufikia, na la upande wa Moshi nalo liliishia kabla. Mwizi akikuibia, kituo hiki wanakuambia nenda kile. Takataka zilirundikana kwenye korongo kwa sababu kila upande ulisema hapo ni kwa wenzao. Tulikuwa mwisho wa miji miwili, na mwisho wa mji hakuna mtu anaufagia.

Lakini nisikudanganye, nilifurahi. Chapati nilizokuwa namaliza kwa kutwa zikawa zinakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Nilianza kuvaa viatu vya kufunika. Nilianza kuongea na madalali wa viwanja kama mtu anayeelewa. Na nilikuwa mpweke, Sesi. Majirani walikuwa watu wema, Wameru na Wachaga na wengine, ila hapakuwa na hata mmoja ambaye nikikasirika ningeweza kumkasirikia kwa lugha yangu.

Kwa hiyo nilimwita mdogo wangu.

Mjomba wako Bura alikuwa Nambis, kwenye sehemu ya shamba aliyoachiwa na baba yetu. Shamba la mteremko, maharage na ngano kidogo, na maksai wawili aliowafundisha mwenyewe. Nilikwenda nyumbani kwenye msiba wa baba mdogo, nikamkuta anatengeneza jembe la kukokotwa. Nikamwambia, "Bura, unakaa hapa unasubiri mawingu, wakati kule mji unakuja wenyewe mpaka mlangoni."

Aliendelea kugonga msumari. Akasema, "Dada, mji ukija mlangoni, mwenye mlango anakwenda wapi?"

Nilicheka. Niliwasimulia ndugu wote msibani, nao wakacheka, tukamwita mshamba mbele yake. Alicheka nasi. Bura hajui kununa. Leo, mimi ni mtu mzima wa nywele nyeupe, nikilikumbuka swali lile nasimama katikati ya kazi yoyote. Alikuwa ameuliza jambo la maana, nami nikalifanya kichekesho.

Nilirudi tena baada ya mavuno, nikamsema tena. Nikampigia mkewe. Nikamwambia mama yetu kwamba Bura anapotea. Kama unataka kujua mama yako ana kosa gani, ndilo hilo: nikitaka mtu awe karibu nami, namwambia ni kwa faida yake. Hata wewe nimekufanyia. Ulipotaka kusoma Dodoma nilikuambia Dodoma kuna joto litakuumiza kichwa.

Aliuza. Aliuza maksai, akauza na shamba, akabakiza kipande kile chenye kaburi la baba. Siku anaondoka, mama yetu alimshika mkono muda mrefu kuliko tulivyozoea.

Kiwanja nilimtafutia mimi. Kulikuwa na mzee jirani yetu, Mama Eliamani, Mmeru, mwenye mbwa unayemkumbuka. Alikuwa na migomba nyuma, na mbele, karibu kabisa na lami, kipande kilichokaa wazi. Nilikitaka kile. Duka lingetazama barabara, na mimi kutoka jikoni kwangu ningeuona mlango wa mdogo wangu.

Nilimwendea. "Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Sesi."

"Mama, nimekuja kwa ajili ya kile kipande cha mbele."

Akatikisa kichwa. "Pale mimi silimi hata mchicha. Watu wa barabara walishapita wakasema ni kwao."

"Hao walipita zamani, mama. Umewaona tena?"

"Sijawaona."

"Basi."

Nilimwendea tena na tena. Mwishowe alichoka, akakubali, tena kwa huruma, maana nilimwambia mdogo wangu ameshauza kwao na hana pa kukanyaga. Jambo hilo la watu wa barabara sikumficha Bura. Nilimwambia, lakini nilimwambia nikicheka, na jambo ukiambiwa kwa kicheko unalipokea kwa kicheko.

Alijenga nyumba ya bloku, chumba cha mbele duka la misumari na saruji, nyuma wakalala yeye na mkewe. Bati la bluu. Ile ilikuwa miaka mizuri, sitaki uione yote kwa jicho la mwisho wake. Jumapili tulikula pamoja. Alikuwa anakubeba mabegani mpaka korongoni na kurudi, anakusemesha Kiiraqw chetu tupu, nawe unamjibu kwa Kiswahili, na nyote mnaelewana. Baba yako naye alicheka zaidi wakati ule kuliko wakati mwingine wowote.

Siku ya X nilikuwa nakanda unga. Walikuja vijana wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, wanacheka wenyewe kwa wenyewe kama vijana wowote. Mmoja akanisogelea, akanisalimu vizuri kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Asante mama, tuko kazini."

Akachovya brashi, akaandika kwenye ukuta wangu. Mstari mmoja, mstari wa pili. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika mpaka chini. Nilidhani wanahesabu nyumba. Nikauliza, "Mwanangu, hiyo ni ya nini?"

"Mtaelezwa, mama."

Akaenda kwa Bura. Bura alikuwa mlangoni, mikono imejaa saruji. Nilimsikia akisema, "Kaka, hii rangi mpya haijakauka."

"Mtaelezwa."

Sesi, kijana yule sina ubaya naye. Alikuwa na adabu. Ila kwa miaka mingi nimeumia kwamba nilimwitikia marahaba. Niliitoa salamu yangu yote, nikamwita mwanangu, nikamkaribisha chai, na mkono wake ulikuwa tayari na brashi. Heshima aliyonipa ilikuwa ya kweli, lakini haikufika kwenye ukuta.

Mama Eliamani hakuwepo. Alikuwa amekwenda sokoni. Aliporudi na kapu lake kichwani alikuta X kwenye ghala lake, akatuuliza, "Nani ameniandikia?" Tukamwonyesha wale vijana, wameshakuwa wadogo kule mbele barabarani. Akaanza kuwafuata. Mwanamke wa umri ule, kapu kichwani, mbwa nyuma yake, anatembea pembeni ya lami anaita, "Jamani! Jamani subirini!" Hakuwapata. Alirudi, akatua kapu, akakaa chini mbele ya ghala, akawa anaisugua ile rangi kwa pembe ya kanga yake.

Tulielezwa baadaye, kwenye mkutano, na mtu aliyekuwa na haraka. Wenye nyumba zilizokuwepo kabla mipaka haijasogezwa watapata fidia. Waliojenga ndani ya hifadhi ya barabara hawana chao, wajiondoe wenyewe. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani. Ya Bura ilikuwa kwenye kile kipande cha mbele.

Nilimsubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga hata majibu. Hakunitukana. Alipanda juu ya nyumba akaanza kung'oa bati lake mwenyewe kabla katapila halijafika, msumari mmoja mmoja, anainyoosha kwa nyundo na kuiweka kwenye kopo. Baba yako alipanda kumsaidia. Niliwapelekea chai. Bura aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, dada," akanywa, akarudi juu. Ningefurahi angeimwaga.

Katapila lilipokuja lilianza upande wetu. Ukuta uliobeba picha ya harusi yetu ulilala kwa pigo moja, kama mtu aliyechoka siku nyingi. Wewe ulikuwa unalia, si kwa ajili ya nyumba, bali kwa sababu mbwa alikuwa amefungwa. Nyumba ya Bura ilikuwa imara kuliko yetu. Ilikataa. Walilazimika kuirudia.

Sisi tulirudi Gitting, kwa sababu baba yako alikuwa na shamba la baba yake. Siku ya kuondoka Bura alikuja kupakia godoro letu kwenye gari. Nikamwambia, "Bura, twende wote." Nilimwambia vile unavyomwambia mgeni karibu chakula wakati sufuria umeshaiosha. Alisikia vizuri. Alisukuma godoro likae sawa, akasema, "Dada, nyinyi mna pa kurudi. Mimi pa kurudi niliuza."

Hakuongeza, "kwa sababu yako." Gari likaondoka.

Sasa nikuambie alivyofanya, maana hili nalo ni lake na sitaki umwone kama mtu wa kuhurumiwa. Alilala na mkewe kwenye stoo ya kanisa. Vile vifusi vya nyumba zetu, ambavyo sisi tuliviona msiba, yeye aliona kitu. Watu waliokuwa wanajenga bondeni walihitaji vya kushindilia msingi. Akaazima mkokoteni, akawa anawauzia. Kuta zetu zimelala chini ya nyumba za watu huko, Sesi. Kutoka vifusi akaingia kwenye kokoto, kutoka kokoto kwenye bloku. Akapata mahali nyuma, mbali na lami, akajenga polepole. Mji ulipofika mlangoni safari hii ulimkuta anauza tofali. Makonda siku hizi hawapaiti Katikati. Ndugu wanaosafiri wananiambia nyumba zimefuatana mpaka hakuna pa kuitwa katikati tena. Wanapaita Kwa Bloku, na bloku ni za mjomba wako.

Watoto wake wanaongea Kiswahili cha mjini na vipande vya Kimeru na Kichaga. Kiiraqw hawajui. Hilo pia nimelisikia kwa watu tu.

Maana mimi sijakwenda. Simu za Krismasi, ndiyo. "Tutakuja, mwaka huu tutakuja." Binti yake alipobatizwa tulituma blanketi kwa mkono wa watu. Mwanzoni nilisema barabara mbaya. Ilipowekwa lami, ukawa unatoka Katesh asubuhi na jioni uko huko, nikasema ng'ombe. Halafu mvua. Halafu mgongo. Baba yako hajawahi kunibishia, ila kila nilipotaja sababu mpya alikuwa ananitazama kidogo, kisha anaendelea na kazi yake. Miji ile miwili imevuka mahindi yote yale na makorongo yale mpaka imekutana. Mimi na mdogo wangu, kila mmoja na simu mfukoni, hatujakutana.

Ulipopata kazi ilibidi nimpigie. Ulikuwa umekwenda kanisani.

"Bura, Sesilia anakuja kufanya kazi huko."

"Atakaa kwangu. Kwani atakaa wapi?"

"Ni kazi ya wapimaji. Wa barabara."

Nikasikia mashine yake ya kufyatulia inagonga, kisha ikazimwa.

"Bura, umenisikia?"

"Nimesikia. Inapanuliwa tena. Wanasema safari hii inaweza kunifikia ukuta wa mbele."

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Nikamwambia, "Na ikitokea ni yeye anayekuja kuandika?"

Alicheka, kicheko chake kilekile cha Nambis. "Basi huyo angalau atapiga hodi."

Tangu siku ile nalala kwa vipande. Nimewaza nikuambie uiache kazi. Nimewaza nikuambie uombe kituo kingine. Lakini viazi vyetu vinapita kwenye barabara ile, na nilipougua nilipitishwa kwenye barabara ile usiku, nimelazwa nyuma ya gari, kwenda hospitali, tena dereva alilalamika njia nzima kwamba ni nyembamba. Siwezi kuitaka barabara halafu nitake alama zake aziweke mtoto wa mwenzangu. Na hata ningetaka, hayo mambo hayako huko peke yake. Juma lililopita nilikuwa Katesh mnadani, nikaona vigingi vya viwanja vimeshapanda mpaka kwenye mashamba ambayo mwaka jana yalikuwa na alizeti. Nilimwambia baba yako. Akasema bado ni mbali na sisi. Ndivyo tulivyokuwa tunasema kule.

Kwa hiyo sikuambii uache. Ninachojua ni kidogo, na nimekipata kwa kusimama upande wa ukuta, si upande wa brashi. Lile neno "mtaelezwa" usiliseme. Kama hujui, sema hujui. Mtu anaweza kulala na "sijui," lakini "mtaelezwa" inakaa nje ya mlango wako usiku na mchana. Na mwenye nyumba akiwa sokoni, kama wakubwa wako watakuruhusu, rudi kesho. Wakikataa, hilo sijui nikuambie nini. Labda muulize jirani jina la mwenye nyumba, ili siku ukimwona umwite kwa jina lake. Yule Mama Eliamani alikufa bila kuonana na mtu aliyemwandikia. Bura ndiye aliyenipa habari ya msiba. Kwenye msiba ule pia sikwenda.

Nilifika hapo nikaona nimemaliza, nikatafuta bahasha. Ndipo baba yako akaingia kutoka shambani, miguu yote udongo.

"Unaandika nini?"

"Barua ya Sesi."

"Si anarudi jioni hii?"

"Anarudi."

"Basi si umwambie?"

"Siwezi."

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kukwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti, taratibu, kama anavyofanya akiwa na neno. Baadaye akasema, "Na Bura utamwandikia pia?"

Niliweka kalamu chini. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikamkuta ng'ombe mwekundu anakula kwenye kunde zangu, nikamfukuza, nikarudi ndani. Yeye alikuwa bado anakwangua jembe.

Nikasema, "Kesho naenda na Sesi."

Hakushtuka. "Nani atakamua?"

"Wewe."

"Huyo mwekundu ananipiga mateke."

"Mwongeleshe. Anapenda kuongeleshwa."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mwambie nimekwenda kwa mdogo wangu."

Akaniangalia, akasimama, akaenda kunitafutia gunia dogo. Sasa hivi nikiandika namsikia kule stoo anachagua viazi, anatupa vyenye jicho bovu, anaweka vizuri. Anasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba Bura alikuwa anapenda vyekundu.

Nimetoa gauni langu la kanisani. Nimelirudisha. Nimetoa jingine. Sijui utaniuliza nini ukinikuta nimefunga mzigo, na sijui nitakujibu nini, pengine nitasema nakuja kuhakikisha una kitanda kizuri. Usiniamini.

Barua hii sikupi leo, wala ndani ya basi, maana nitakuwa nimekaa pembeni yako njia nzima na sitaki unitazame usoni ukiwa unasoma. Nitakukabidhi Jumapili nitakapokuwa napanda gari la kurudi, kabla hujaanza kazi Jumatatu. Kwa hiyo unaposoma hapa wewe umeshajua kama mama yako, alipofika mlangoni kwa mjomba wako, alifungua kinywa au alisimama tu na gunia lake. Mimi ninayeandika bado sijui.

Nakusikia unaita kule chini njiani, na kuku analalamika mkononi mwako.

Mama yako